Kusikia kwa Bega

Jumatano, 3 Septemba

"Tangu sumu imwagwe, ndege wa msitu wa Ruatawa wamezidi. Anayesema msitu umenyamaza ama ni mwongo, ama ni mvivu wa kuamka." Ndivyo alivyoandika Bevan Dalgleish katika gazeti letu la wiki hii, ukurasa wa tatu, chini ya tangazo la mabuti ya mpira.

Nianze na uvivu. Mimi huamka saa kumi na moja alfajiri. Mwili wangu ulizoea hivyo nilipokuwa kiwanda cha nyama, na kiwanda kilipofungwa mwili haukupewa taarifa. Bevan alikuwa meneja wa benki. Saa kumi na moja anayoijua yeye ni ya jioni.

Sasa uwongo. Nyuma ya nyumba yangu kuna uzio, na nyuma ya uzio kuna msitu. Tangu utoto wangu, kila Septemba kekeo alifika kutoka visiwa vya Solomoni: ndege mdogo kuliko ngumi, mgongo wa kijani kama shaba iliyosuguliwa, na filimbi inayopanda, inapanda, halafu inateleza chini. Kumwona ni bahati. Watu humjua kwa sauti. Majira ya baridi ya mwaka juzi helikopta zikamwaga vidonge vya ile sumu tunayoiita kwa nambari yake, elfu na themanini, ili kuua posamu, panya na vicheche, wanaokula mayai na makinda ya ndege. Tangu hapo sijamsikia kekeo hata mara moja. Bevan anataka hoja gani tena?

Tarehe 8 Desemba halmashauri itasikiliza watu kabla ya kuamua kama itamwaga tena. Ombi langu la kupinga limeshatiwa saini na zaidi ya nusu ya mji, na sentensi yake ya kwanza ni hii: *Msitu wetu umenyamaza.* Niliiandika mwenyewe, kwa mkupuo mmoja, na sijaona sababu ya kubadili hata herufi.

Jumamosi, 6 Septemba

Mvua. Matembezi ya Huhana yameahirishwa.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimekwenda, ili nikanushe nikiwa nimeona.

Huhana alikuwa mkunga wa bonde hili. Nusu ya watu waliokuwa kwenye geti la msitu leo aliwapokea yeye duniani, ndiyo maana wote wanamwita Mama, hata mimi niliyempita miaka miwili. Kila Jumamosi ya majira ya kuchipua huchukua yeyote atakayekuwa getini saa kumi na mbili asubuhi, akaingia naye msituni kutafuta ndege wageni. Ana amri mbili tu. Ya kwanza, ya kutobishana, aliisema akifungua komeo:

"Sumu iacheni hapa getini. Mtaikuta mkirudi, hakuna atakayeiiba."

Ya pili kila mtu anaijua: msituni hakusemwi. Tunatembea kwa mstari mmoja, Huhana mbele. Atakayemsikia kekeo anamgusa bega aliye mbele yake, naye anamgusa wa mbele yake, mpaka mguso umfikie Huhana. Hapo anasimama, na wote tunasimama kusikiliza.

Tulikuwa kumi hivi. Philippa, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa wa pili. Bevan naye alikuwepo na darubini yake ya gharama. Mbele yangu alikuwa Turei, rafiki yangu tangu kiwandani. Turei ni mwindaji wa paa. Mbwa wake jike, Kuki, alikula mzoga wa posamu mwenye sumu, akafa akipiga miguu kama anayekimbia. Turei ndiye anayezunguka na karatasi za ombi, na hoja yake ni mbwa huyo.

Tulipofika kwenye miti ya tawa, nikaguswa bega.

Sikusikia kitu. Upepo juu, mabuti kwenye matope chini, basi. Lakini mkono wangu ukanyanyuka wenyewe ukamgusa Turei. Mguso ukaenda mbele, Huhana akasimama. Nyuso zote zikalegea kama za watu walio kanisani. Na mimi nikaulegeza wangu.

Baadaye, kwenye chai na skonzi, Huhana alisema jambo ambalo sikulishika. Siku hizi anamung'unya maneno, kama mji mzima unavyomung'unya.

"Mwaka huu kawahi," Bevan akasema, macho kwangu. "Au siyo, Ngaire?"

"Mimi sumu nimeiacha getini, Bevan. Wewe naona umeitia kwenye themosi."

Wakacheka, na swali likapotea. Nilitaka lipotee.

Jumatatu, 15 Septemba

Sijalala vizuri. Nimepitisha nisichokisikia. Mimi! Kule kiwandani waliponyanyua mikono yote ukumbini kukubali mshahara wa kudhalilisha, mkono wangu peke yake ulibaki mapajani. Na Jumamosi nikamgusa Turei bega kwa sababu tu nimeguswa.

Lakini aibu ina faida ukiifuata hadi mwisho wake. Kama mimi nimepitisha, wengine je? Huenda mmoja nyuma kabisa alisikia tawi likisuguana, na sisi tisa tukamsikia kwa mabega yetu. Wahenga walisema za kuambiwa changanya na zako. Pale hapakuwa na mtu mwenye zake.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimeguswa tena. Sikusikia. Safari hii sikupitisha, nikaacha mkono mfukoni.

Huhana alisimama vilevile.

Sielewi. Aligeuka, akatutazama mmoja mmoja, akatabasamu, akaendelea. Getini Turei akaniuliza, "Mbona hukunigusa, bosi?"

"Nikuguse kwa nini?"

Akanitazama kwa muda mrefu kuliko swali lilivyostahili. Kisha akasema anahitaji kununua nyanya.

Jumapili, 28 Septemba

Nimepata dhana: kipaza sauti. Siku hizi kuna watu wanaocheza sauti za ndege zilizorekodiwa msituni. Bevan anaweza kununua kitu kama hicho, tena cha kuzuia maji. Nimeingia peke yangu mchana, nikapanda mti wa tawa mpaka tawi la pili. Hakuna kipaza sauti. Suruali imechanika makalioni, na kushuka kulikuwa kugumu kuliko kupanda. Simwambii mtu.

Alhamisi, 2 Oktoba

Upepo siku tatu. Maua ya manjano ya kowhai yametapakaa barabarani kama makombo ya sherehe.

Jumamosi, 4 Oktoba

Leo nimefanya jaribio. Naliandika lote sasa hivi, kabla kumbukumbu haijaanza kunipendelea.

Nilijiweka wa mwisho kwenye mstari, mbele yangu Turei, ili mguso wowote lazima uanze kwangu au mbele yangu. Tulipita tawa, tukafika pale njia inaposhuka kijitoni. Nilisimama sekunde moja, nikatega masikio yote mawili. Kimya. Maji ya kijito, kwa mbali. Nikanyoosha mkono, nikamgusa Turei bega.

Sikuwa nimesikia kitu. Narudia: nilimgusa bure, kwa uwongo, kama mtu anayetia jiwe mfukoni mwa mwenzake aone kama atalihisi.

Turei, rafiki yangu wa miaka ishirini na zaidi, akamgusa wa mbele yake papo hapo. Ukaenda. Niliuona mguso ukitembea mgongo hadi mgongo, mpaka kwa Bevan, mpaka kwa Philippa, mpaka kwa Huhana. Huhana akasimama, akafumba macho. Wote wakasimama. Nilihesabu pumzi zangu na sikusikia kitu kingine.

Getini kila mtu alikuwa na hadithi.

"Mara mbili," Philippa akasema. "Na ule mwisho wake wa kuteleza, mmeusikia? Nimesisimka."

"Upande wa kijito," Bevan akasema. "Kwenye miti ya mahoe."

"Ahsanteni," Huhana akasema. Huyo nilimsikia, maana alikuwa amenielekea. "Mimi nilishamsikia zamani, nangoja mniguse. Leo mmechelewa, nikasema kumbe wameacha masikio getini pamoja na siasa."

Watu wakacheka. Nikamgeukia Turei. "Na wewe? Umemsikia?"

"Eh," akasema, akitabasamu kama mtu aliyepokea habari njema. "Safi kabisa. Na wewe je?"

"Mimi ndiye niliyeanzisha," nikamwambia, na hilo halikuwa uwongo.

Nimerudi nyumbani, na sijui kama nilicho nacho ni furaha ya ushindi au jambo jingine. Watu tisa wameapa kumsikia ndege niliyemzua mimi kwa kidole changu. Wamempa idadi ya miito, wamempa mti wa kukalia. Na si wajinga. Philippa ni mwalimu. Huhana nimemheshimu maisha yangu yote. Turei hajawahi kunidanganya hata kuhusu samaki.

Ningependa kukaa na mshangao huu siku mbili tatu. Lakini gazeti hufunga kupokea makala kesho kutwa.

Jumatano, 8 Oktoba

Imetoka: "Kusikia kwa Bega", ukurasa wa pili, safu nzima. Nimeeleza jaribio bila kutaja jina la mtu, ingawa katika mji huu kutotaja jina ni adabu ya karatasi tu. Nimemaliza hivi: *Hawa ndio mashahidi watakaotuambia kwamba msitu uko salama.*

Simu imelia mchana kutwa. Saini mpya zimejaa ukurasa mzima.

Jumamosi, 11 Oktoba

Watu wanne tu getini. Huhana hakusema neno kuhusu sumu. Alikuwa na jambo jingine.

"Ngaire," alisema, mbele yao, "lile gazeti nimelisoma mara tatu. Unajua ule mguso niliuanzisha kwa nini? Kwa sababu ya bibi yangu. Alikuwa kipofu, akitembea kwa kushika bega la mtu. Watu walipomsikia kekeo walipiga kelele, 'Yule! Yule!' na kelele zikamfukuza ndege kabla bibi hajamsikia. Basi tukajifunza kuguswa." Akafungua komeo. "Wewe umeutumia kutega watu. Haya, pita. Sijamfukuza mtu msituni hata siku moja."

Nilikuwa na majibu sita. Nilimwambia moja: kwamba ukweli haumdhalilishi mtu, kinachomdhalilisha ni kutoupenda.

"Labda," akasema. "Lakini kwanza uwe ukweli."

Tulitembea kwa mstari, mikono ya kila mtu mifukoni. Hakuna aliyemgusa mwenziwe. Huhana hakusimama hata mara moja, na njia ile fupi ikawa ndefu kama ya mazishi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Matembezi hayakuwepo. Mto umefurika, wanasema. Mto ulikuwa umefurika pia mwaka jana na walikwenda.

Jumanne, 21 Oktoba

Mvua.

Jumatano, 22 Oktoba

Mvua. Bevan hajaandika jibu gazetini. Wiki ya pili hii. Si kawaida yake na inanikera.

Jumatatu, 27 Oktoba

Sikukuu, maduka yamefungwa. Bevan Dalgleish amekuja nyumbani kwangu.

Miaka minane tunapigana magazetini na hajawahi kuvuka kizingiti changu. Alisimama mlangoni akiwa amelowa, kofia mkononi. Nikamwambia aingie, nisije nikaambiwa namwua kwa nimonia.

"Sikuja kwa ajili ya sumu," alisema akikaa jikoni. "Nimekuja kwa ajili ya Huhana. Anasema mwaka huu basi, anafunga. Umemvunja moyo."

"Nimemvunja moyo au nimemwonyesha?"

"Ngaire, kwa Mungu, kuna siku huwa unashusha sauti? Mimi niko hapa, mita moja."

"Sauti yangu ni hii. Iliyokuudhi ni hoja."

Akaanza kusema, akanyamaza, akatazama juu. Akaanza tena. Akatazama juu tena, kuelekea ukumbini.

"Na hicho unakivumilia vipi?" akauliza.

"Kitu gani?"

"Hicho kidude."

"Kidude gani? Bevan, kama unataka kubadili mada, badili kiungwana."

Akaniangalia kana kwamba nimemfanyia mzaha usiochekesha. Akanyanyua kidole. "Ngoja." Tukangoja. Saa ya ukutani ikatembea. Ghafla akasema, "Hicho!"

"Nini?"

"Hicho! Kengele ya moshi! Betri imekwisha, inalia tii, inanyamaza, inalia tii. Umekaa nayo tangu lini?"

Nikacheka. Nilidhani analipiza jaribio langu, ananizulia sauti na mimi niseme ndiyo naisikia. Nikamwambia hivyo, tena nikamsifu: si mbaya kwa mtu wa benki.

Yeye hakucheka. Alivuta kiti mpaka ukumbini, akakipanda na viatu vyake vyenye matope, akaniita nisimame chini ya kile kidude. Kina taa nyekundu ndogo. "Tazama taa," akasema. "Ikiwaka, ndiyo inalia."

Taa ikawaka. Bevan akakunja uso kama mtu aliyechomwa sindano. Mimi sikusikia kitu. Ikawaka tena. Uso wake tena. Nilitazama taa, kisha uso, taa, uso, nikitafuta mahali pa kumnasa. Sikupapata.

Akachomoa betri. Akashuka taratibu, akaiweka mezani kati yetu. Hakuna aliyeigusa.

"Tangu lini, Ngaire?" akauliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Toka," nikamwambia. "Toka nyumbani kwangu."

Jumanne, 28 Oktoba

Inawezekana ni njama. Inawezekana kidude ni kibovu, kinawaka bila kulia.

Nimerudisha betri. Nimemwita binti wa jirani aje kuchukua mayai. Alipopita ukumbini akaziba sikio bila kufikiri, kama mtu anavyofukuza nzi.

Alhamisi, 6 Novemba

Mjini, kwa mpima masikio. Kijana mstaarabu, alinitia kwenye kibanda na kunipa kitufe cha kubonyeza kila nisikiapo. Nilibonyeza mara nyingi mwanzoni. Kisha ikafika hatua nikawa nabonyeza kwa kukisia, kisha nikakumbuka kubonyeza kwa kukisia ni kitu gani, nikaacha.

Sauti nene nazisikia. Nyembamba zimekwenda, na zilikwenda polepole. Aliniuliza nimefanya kazi wapi. Nilipomwambia nilisimama kwenye msumeno wa mifupa, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikia jina la mtaa anaoujua.

"Watu hukwambia unapaza sauti?" akauliza.

Sauti hiyo miaka yote niliiita moto wa hoja.

Ijumaa, 7 Novemba

Sijui nianzie wapi, basi naanzia popote.

Tarehe 4 Oktoba nilimgusa Turei kwa uwongo. Je, kama ndege alikuwa analia? Kama alikuwa pale, kwenye mahoe, upande wa kijito, mara mbili, na mwisho wake wa kuteleza, basi waliosema kweli ni tisa na mwongo ni mmoja, na huyo mmoja alikwenda kuandika gazetini kuhusu uwongo.

Au hakulia, na niko sahihi, kwa bahati. Sitajua kamwe. Kila nikiirudia asubuhi ile kichwani nakuta kimya, na kimya changu si ushahidi tena wa kitu chochote.

Na sumu? Sumu bado ni mbaya. Kuki alikufa. Lakini ipi kati ya hoja zangu ilitoka kwenye vitabu na macho, na ipi ilitoka kwenye masikio haya? Nimezipanga mezani kama nyama za paa na siwezi kutenganisha.

Jumatano, 12 Novemba

Nimeenda kwa Turei. Alikuwa anachuna ngozi ya paa nyuma ya banda. Nikamwambia.

"Najua," akasema, bila kuacha kisu.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu kiwandani, bosi. Ukiwa umenipa mgongo nakusemesha hunijibu. Mwanzoni nilidhani maringo."

"Na hukuniambia?"

"Nani anakuambia wewe kitu?" Akasimama sasa, akanielekea, na nikatambua kwamba siku zote akitaka kunisemesha hunielekea hivyo. "Ile siku uliyonigusa, mimi nilikuwa nimeshamsikia. Kabla yako. Nilingoja nione kama utamsikia. Uliponigusa nikasema kumbe! Leo kamsikia! Nilifurahi mpaka nikataka kulia. Halafu Jumatano nikasoma gazeti."



"Na ombi?" nikauliza. "Umezunguka na ile sentensi miezi mitatu. Msitu umenyamaza. Unajua haujanyamaza."

"Mimi naomba kwa ajili ya Kuki. Kuki kafa kweli, hilo halitaki masikio. Mstari wa kwanza ni wako. Nikadhani watu wa vitabu huanza hivyo."

Jumamosi, 15 Novemba

Mpima masikio ameniazima vidude viwili vya kuvaa masikioni. Nilikwenda kwa Huhana kwanza. Nilisimama mlangoni nikamwambia lililonipata, na kwamba nilichoandika gazetini nilikiandika nikiwa kiziwi. Sikuomba msamaha vizuri, sina mazoezi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akavaa mabuti.

Tuliingia wawili tu. Nilitarajia nini? Labda pazia lifunguke. Kilichofunguka ni kelele. Koti langu linakwaruza kama karatasi. Majani yanapiga makofi. Kila kitu kina ncha. Huhana alipomeza mate nilimsikia.

Kwenye tawa akanigusa bega. Safari hii yeye alikuwa nyuma yangu.

Nikasikiliza. Kulikuwa na sauti nne au tano, zote nyembamba, zote za bati. Moja ilikuwa inapanda. Moja ilikuwa inakatika. Nilimtazama Huhana anionyeshe ni ipi, akatikisa kichwa.

"Sikwambii," akasema. "Niambie wewe."

Nilisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi. Kulikuwa na filimbi ambayo huenda ni yeye. Lakini haikufanana na ya utotoni. Ile ilikuwa ya mviringo, yenye maji ndani. Hii ilikuwa waya. Ni vidude vinavyoibadili? Au ile ya utotoni nimeitengeneza mwenyewe, miaka yote hii, nikiiandikia?

"Sijui," nikamwambia.

Nadhani hajawahi kunisikia nikilitamka neno hilo. Akanishika mkono tukarudi.

Alhamisi, 20 Novemba

Kwa hiyo siwezi kusema ndege wamepungua. Wala siwezi kusema wamezidi, kama adaivyo Bevan, ambaye naye hana kipimo ila furaha yake. Nimebaki katikati, mahali nilipokuwa nikiwacheka watu kwa kusimama.

Jumapili, 30 Novemba

Bevan bado hajasema kitu gazetini. Anacho kisu na hakitumii. Nilimkuta dukani kwenye maziwa, nikamwendea.

"Unangoja tarehe nane, siyo? Unisimamishe mbele ya halmashauri, unilizie kengele sikioni."

"Hapana."

"Basi kwa nini umenyamaza? Usinifanyie huruma, Bevan. Naipenda chuki yako, imenyooka."

Akageuza chupa ya maziwa mkononi, akasoma tarehe yake. "Nikisema, watu watasema nilikushinda kwa betri. Mimi nataka kukushinda kwa ndege." Kisha, akiwa ameshaanza kuondoka, akarudi mbele yangu ili nimwone mdomo. "Na ukiwa na akili utaniachia nafasi hiyo."

Sijui kama ni uungwana au dharau. Nimeligeuza siku nzima. Kwa mtu huyu nilikuwa na hakika moja, na nimeipoteza pia.

Jumatano, 3 Desemba

Hii ndiyo safu itakayotoka gazetini leo. Nainakili hapa jinsi nilivyoipeleka.

Kwenu mliotia saini ombi langu: wewe uliyetia saini kwenye boneti ya gari la Turei, wewe uliyetia saini mlangoni pa duka la samaki na vidole vya mafuta, wewe uliyeniambia huna haja ya kusoma kwa sababu unaniamini.

Niliwaambia msitu umenyamaza. Sikuwa na haki ya kuwaambia hivyo, kwa sababu mimi sisikii. Nimepimwa. Sijui kama kekeo wamepungua, na makala yangu ya tarehe 8 Oktoba kuhusu watu wanaotembea na Mama Huhana ilikuwa dhuluma. Naifuta yote.

Bado napinga sumu. Mbwa wa Turei alikufa, watu wanaokula paa wa msitu huu hawakuulizwa, na nitasimama Jumatatu mbele ya halmashauri kuyasema hayo mawili. Lakini sitasimama na jina lako chini ya sentensi niliyoizua. Wala sitalihamishia kwenye ombi jipya bila idhini yako, kama mtu anavyohamisha mzigo usiku.

Huhana amekubali kufungua geti Jumamosi hii, saa kumi na mbili asubuhi. Nendeni. Sikilizeni wenyewe, na asiyesikia aseme hasikii. Kisha njooni kwangu kabla ya jua kuchwa Jumapili. Makaratasi yote mawili yatakuwa mezani, la zamani na jipya, na kalamu. Futa jina lako, au liandike upya, au niambie nimewapotosha na uondoke. Lakini njoo. Usinitumie mtu, wala usipige simu. Na utakapokuja kunipa jibu lako, hata likiwa tusi, simama mbele yangu na uliseme ukinitazama usoni.